Nani Mwenye Maji? Chemchemi, Misheni na Kisima katika Nchi ya Wahaya

Mvua inayonyesha Bukoba kwa mwaka mmoja hufikia takriban milimita 2,000, nayo ni nyingi kuliko ile inayonyesha Unguja. Mtu wa visiwani akisikia hesabu hiyo, tena akaambiwa kuwa mji wenyewe umekaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, atauliza swali la haki: vipi nchi kama hiyo ikaingia katika orodha ya nchi zenye kiu? Vipi kuanzia Kashai, chini ya vilima vya Bukoba, hata vijiji vya Muleba kusini yake, maji safi ya kunywa yakawa jambo la kuombewa sadaka katika makanisa ya ng'ambo?

Makala haya yanalifuata swali hilo kwa njia ya historia. Tutayatazama maji ya Wahaya kabla ya misheni, kisha namna misheni za Kikristo zilivyoyashika, kisha namna serikali na mashirika yalivyoyapokea. Katika safari yote hiyo tutakuwa tukiuliza jambo moja, ambalo wenyeji wa pwani wamelijua tangu enzi za visima vya misikiti: nani mwenye maji?

Kwanza yafaa kuifahamu ardhi. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukweni nchi hupanda ghafla na kuwa migongo mirefu ya miamba, iliyojipanga sambamba na ziwa, na baina ya mgongo na mgongo pana mabonde ya matope na mafunjo. Wahaya walijenga juu ya migongo hiyo. Huko ndiko viliko vibanja vyao, yaani mashamba ya migomba yaliyorutubishwa kwa samadi na majani, kizazi baada ya kizazi. Nje ya vibanja ni rweya, mbuga ya nyasi isiyo na rutuba. Maji nayo hayakai mgongoni. Mvua hunywewa na mchanga na nyufa za miamba, ikashuka chini kwa chini, ikatokeza kama chemchemi miguuni mwa kilima. Mji uko juu na maji yako chini. Kati yao kuna mteremko ambao mwanamke na mtoto wa kike waliushuka asubuhi na jioni, na kuupanda wakiwa na mtungi kichwani.

Kwa hiyo kiu ya Buhaya haikuwa ukame. Ilikuwa kiu ya mteremko na ya uchafu. Mahali ng'ombe wanaponywa, mahali nguo zinapofuliwa na mahali mtungi unapojazwa vilikuwa mara nyingi mahali pamoja. Ama ziwa lenyewe, pamoja na ukubwa wake, maji yake si ya kunywa hivi hivi, kwani hubeba kichocho na kila kinachoteremshwa na mito.

Maji kabla ya misheni

Katika imani ya jadi ya Wahaya, maji yalikuwa na bwana wake. Jina lake ni Mugasha, mwenye ziwa, mvua na dhoruba. Ng'ambo ya kaskazini, Waganda walimjua kwa jina la Mukasa, na hekalu lake kuu lilikuwa visiwani Sese. Wavuvi na wakulima wa pande zote za ziwa walimtolea sadaka. Habari zake zilitungwa katika tendi zinazoimbwa kwa enanga, kile chombo cha nyuzi ambacho mbele yake mwimbaji wa Kihaya aliweza kusimulia usiku mzima. Wapenzi wa ushairi wa pwani wanaodhani kuwa utenzi ni mali ya Pate na Lamu peke yake wangefaidika kuzisoma kazi za M. M. Mulokozi juu ya tendi hizo za enanga, na juu ya bingwa wake Habibu Selemani.

Jina hilo la Habibu linatukumbusha pia kuwa Uislamu na watu wa pwani walifika huko kabla ya wamisionari. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo Kafuro, katika ufalme wa Karagwe, ambapo Stanley aliwakuta mwaka 1876. Kituo hicho kilikuwa bondeni, penye chanzo cha mto. Mfanyabiashara aliyetoka Unguja na kutembea miezi kadhaa alijua pa kutua.

Tusije tukajidai, lakini. Unguja ya wakati huo nayo ilikuwa ikiumwa na maji yake. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliteketeza watu kwa maelfu, na daktari James Christie, aliyekuwapo, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Visima vya mji vilikuwa karibu na makaro na makaburi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na ambaye zamani aliishi uhamishoni Bombay, ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi za nje ya mji. Tangu hapo Waunguja walijua kwamba maji safi hayaji kwa dua peke yake wala kwa chemchemi peke yake. Huja kwa mwenye uwezo aliyeamua kutumia fedha, na kwa mafundi waliojua kuyaongoza.

Fundi wa Natete

Wazungu wa misheni walioizunguka Nyanza walikuwa na mtu wa namna hiyo. Alexander Mackay alikuwa mhandisi wa Kiskoti aliyetumwa na chama cha CMS. Mwaka 1877 alikuwa akikata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, na mwezi wa Novemba 1878 akafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mwishoni mwa mwaka uliofuata alijikuta katika ugomvi mkubwa. Kabaka alikuwa mgonjwa, na wazee wa baraza walitaka mganga wa Mukasa aletwe ikulu kumtibu. Mackay alipinga, akashindwa, na kwa muda baraza likazikataa dini zote za kigeni.

Baadaye, katika miaka ya 1880, Mackay huyo huyo alichimba kisima kirefu Natete, karibu na makao ya Kabaka, akakitia bomba la kuvutia maji. Waganda walijua chemchemi na madimbwi. Kisima kirefu kilichochimbwa mahali pasipoonekana maji, kisha maji yakapanda juu yenyewe, kilikuwa kitu kipya. Habari zilizobaki katika barua zake zinasema kuwa watazamaji walipiga kelele kwamba Mackay ndiye lubaale, yaani pepo mkuu, wa daraja ya Mukasa. Mtu aliyekuja kumpinga bwana wa maji akavikwa cheo cha bwana wa maji.

Mackay hakufurahishwa na sifa hiyo, akaeleza kuwa ni kazi ya chuma na akili. Hata hivyo tukio hilo lina mafunzo kuliko alivyopenda. Katika nchi ambayo maji yana mungu wake, kuyatoa maji ardhini ni tendo la dini, atake mchimbaji asitake. Misheni zilijua hivyo, na hapo ndipo nguvu yake na hatari yake vilipokuwa. Kisima kiliweza kumlainisha mtu kuliko hotuba kumi. Na mtu aliyekunywa kisimani mwa mgeni aliweza kujiona ana deni asilolikopa.

Misheni juu ya vilima

Buhaya yenyewe ilipata misheni yake ya kwanza mwaka 1892, Mapadri Weupe walipofungua kituo cha Kashozi, kaskazini ya Bukoba. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, na vazi lao jeupe liliigwa kwa Waarabu wa Afrika ya Kaskazini, hata mtu wa pwani angeweza kulifananisha na kanzu yake. Mji wa Bukoba ulikuwa na miaka miwili tu, kwani Emin Pasha aliuanzisha mwaka 1890 kama ngome ya Wajerumani. Walutheri wa misheni ya Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walifika mwaka 1910. Hawakukuta shamba tupu: Wahaya waliosoma kwa Waganda walikwisha kuanza kukusanyika wenyewe na kusoma Injili. Kutoka katika nchi hiyo ndogo walitoka Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho, na Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Majengo ya misheni yalijengwa juu, kama vibanja. Makanisa, shule na hospitali, kwa mfano zile za Rubya na Ndolage, yalihitaji maji mengi kila siku, nayo yakakabiliwa na mteremko ule ule uliomkabili mwanamke wa Kihaya. Tofauti ilikuwa ni paa.

Nyumba ya jadi ya Wahaya, msonge, iliezekwa kwa nyasi tangu kileleni hadi chini. Ni nyumba ya fahari, lakini maji ya mvua yanayopita katika nyasi hayanyweki. Bati, lililoenea kwa fedha ya kahawa na kwa mfano wa misheni, liligeuza mambo. Hebu tupige hesabu. Paa la bati lenye mita 50 za mraba, chini ya mvua ya milimita 2,000, hupokea lita 100,000 kwa mwaka. Tukitoa moja ya tano kwa kuvuja na kumwagika, zabaki lita 80,000. Familia ya watu sita, kila mtu lita 20 kwa siku, yahitaji lita 120 kwa siku, yaani chini kidogo ya lita 44,000 kwa mwaka. Paa moja la kawaida linatosha, na kusaza.

Linalokosekana ni pa kuyaweka. Katika miezi ya kiangazi, kama Julai, tangi la familia hiyo lazima liwe na akiba ya miezi miwili, yaani lita 7,200. Pipa la jikoni halifiki hapo. Tangi la saruji lataka fedha ya mara moja, ambayo mkulima wa kahawa na ndizi haipati kwa mkupuo. Mashirika ya kanisa yalipoligundua hilo, kazi yao ikawa ya maana zaidi kuliko kisima cha kustaajabisha. Jumuiya ya Kolping, iliyoitwa kwa jina la padri Mjerumani Adolph Kolping na yenye makao yake ya Tanzania mjini Bukoba, ni miongoni mwa waliojenga matangi ya mvua mkoani Kagera. Tangi halina miujiza. Lina mfereji wa paa, chujio, mfuniko na koki. Lakini humwondolea mama mteremko, na msichana saa zake za shule.

Jicho la chemchemi

Njia ya pili ilikuwa kuihifadhi chemchemi. Ufundi wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutunza. Wachimbaji huifuata chemchemi kurudi nyuma ndani ya kilima hadi walifikie jicho lenyewe. Hapo huweka mawe na kokoto, juu yake udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa ili maji ya mvua yasiingie, na mbele yake ukuta wa saruji wenye bomba la kutolea. Juu kilimani huchimbwa mtaro wa kugeuza maji ya mafuriko, na uzio huzuia mifugo. Choo na shamba la samadi huwekwa mbali, upande wa chini. Mtungi haugusi tena tope, wala kata haitumbukizwi.

Katika kazi hiyo, mtaalamu wa nje alileta saruji na bomba. Mwenyeji alileta elimu ambayo haikuwa katika kitabu cha mtaalamu: chemchemi ipi haikauki mwezi wa Agosti, ipi hubadilika rangi mvua zikianza, ipi ina mgogoro wa mipaka baina ya koo mbili. Historia nyingi za misheni zimeiandika saruji na kuiacha elimu hiyo. Zimeandika jina la mfadhili ukutani, na hazikuandika majina ya wanawake waliobeba kokoto kutoka bondeni.

Serikali na mashirika

Baada ya uhuru, maji yaliingia katika ahadi za taifa. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini, uliokusudia kwamba ifikapo 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Serikali ilibeba gharama, na maji ya kijijini yalikuwa bure. Ulipofika mwaka 1991, hata nusu ya watu wa vijijini haikuwa imefikiwa. Mafuta ya mitambo yalipanda bei, vipuri vikakosekana, na kijiji kilichoambiwa kuwa bomba ni la serikali kilikaa kuingoja serikali ije kulitengeneza.

Katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara ulikuja mradi wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden tangu 1985 hadi 2002. Sweden haikuwa ngeni Bukoba: wamisionari wake walishika kazi ya Walutheri wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani walipozuiliwa, na mmoja wao, Bengt Sundkler, alikuwa askofu huko kati ya 1961 na 1964. Mradi wa HESAWA haukuwa wa kanisa. Ulichimba visima vifupi vyenye bomba la mkono, ukaboresha chemchemi za jadi, na ukaunda kamati za vijiji. Sera za maji za mwaka 1991 na 2002 zikaligeuza wazo hilo kuwa sheria ya mambo: kijiji kimiliki maji yake, kichangie, kitunze.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakaingia Ngara. Kambi yao ya Benaco iliwekwa karibu na bwawa lililoachwa na kampuni ya Kiitalia ya barabara iliyoitwa kwa jina hilo. Bila bwawa hilo kusingekuwa na kambi. Mashirika ya makanisa, likiwamo TCRS la Walutheri lililoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi, yalishiriki kuwahudumia. Wenyeji wa vijiji jirani wakaona wageni wakipata maji yaliyotiwa dawa huku wao wakiendelea kushuka bondeni. Hawakuwachukia wakimbizi kwa hilo, ila waliuliza swali letu: maji haya ni ya nani?

Bomba lililonyamaza

Hesabu ya vituo vya maji vijijini iliyofanywa nchini kote na kukamilika mwaka 2013 ilionyesha kuwa takriban vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Baadhi vilikuwa vya serikali, baadhi vya mashirika, baadhi vya makanisa. Sababu mara nyingi ni ndogo hata yaudhi: kipande cha mpira kilichochakaa, koki iliyoibiwa, mweka hazina aliyehama. Kisima cha sadaka kilizinduliwa kwa ngoma na picha, kisha hapana aliyeachiwa spana. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Na imani ya kijiji kilichochangia bomba likafa nayo haizoleki kwa urahisi.

Kashai ya leo imekwisha kuvuka hali ya kijiji. Ni kata ya Manispaa ya Bukoba, yenye nyumba zilizosongamana, na kiu yake imebadilika sura. Mto Kanoni unaopita mjini ukifurika, maji machafu huingia majumbani. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba na kuua watu mjini humo. Katika muongo huo huo mitambo mipya ya kuchukua na kusafisha maji ya ziwa ilijengwa Bukoba na Musoma kwa msaada wa Ufaransa. Tangu mwaka 2019, vijiji vimewekwa chini ya wakala wa RUWASA na vyombo vya watumia maji. Mtu wa mjini sasa hulipia ankara, na asiye na bomba hununua kwa ndoo. Mteremko umegeuka bei, na maskini bado ndiye anayeupanda.

Kuna watu wa pwani watakaosema kuwa habari hizi ni za Wakristo wa bara, hazituhusu. Zatuhusu. Katika mafundisho ya Kiislamu, Saad bin Ubada alipomuuliza Mtume ni sadaka gani iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, aliambiwa maji, akachimba kisima. Katika Injili, atoaye kikombe cha maji baridi hapotezi thawabu yake. Dini zote mbili zimeyaheshimu maji, na zote mbili zina mtihani mmoja. Sadaka jaria ni ile inayoendelea kutiririka. Kisima kilichokufa baada ya miaka miwili, hata kikiwa na jina la mtu mwema ukutani, hakitiririki. Wasia wa wazee wetu waliweka wakfu pamoja na kisima: shamba au nyumba ambayo kodi yake ingenunua kamba, ndoo na chokaa. Walijua kuwa kuchimba ni siku moja na kutunza ni umri.

Hapo ndipo palipo kipimo cha haki cha kazi ya misheni katika Buhaya. Pale ilipotaka kusifiwa kama Mackay alivyosifiwa bila kutaka, iliacha deni na vyuma. Pale ilipomwachia mwanamke wa kijiji spana, daftari la michango na sauti barazani, iliacha maji. Aina zote mbili zipo, wakati mwingine katika bonde moja.

Imebaki kazi ya washairi. Mulokozi na Kahigi, katika Malenga wa Bara ya mwaka 1976, walitupa Kiswahili chenye pumzi ya bara, na ugomvi wa vina na mizani uliofuata tunaukumbuka. Lakini nyimbo ambazo wanawake wa Kihaya waliziimba wakiteremka kisimani na kupanda nazo hazijapata diwani yake, na mabomba yanavyofika ndivyo njia zile za bondeni zinavyoota nyasi. Hatuwezi kumtakia mtu yeyote mteremko ili tubaki na wimbo. Twaweza, hata hivyo, kwenda kuwasikiliza wanaoukumbuka wangali hai, tukaandika majina yao pamoja na maneno yao, kwa sababu katika kuta za visima hayamo.